Waliofeli Kadi Namba Saba

Kati ya watu thelathini waliopimwa kisomo kijijini Kwemvule mwezi wa Agosti mwaka 1975, kumi na tisa waliandikwa hawajui kusoma, na kilichowaponza ni kwamba walijua. Sikukosea kusema. Ningependa aliyechora ile fomu ya mtihani angekuwepo ajionee mwenyewe, lakini wachora fomu hawafiki Kwemvule. Gari la kutoka Handeni huishia kwenye korongo la mchanga, na baada ya hapo ni miguu yako na jua lako.

Mwalimu wa watu hao aliitwa Tatu Mbwana, binti wa miaka ishirini aliyemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani. Mwaka wa pili sasa alikuwa akiwafundisha kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni, wakishatoka shambani, ndani ya ghala la pamba la kijiji. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi. Posho ya mwalimu wa kujitolea ilikuwa shilingi thelathini kwa mwezi, mwezi ambao ilikumbuka kuja, lakini Tatu hakukaa kuisubiri posho. Alisubiri chuo. Katibu Kata alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba katika tarafa nzima, mwalimu mmoja wa kujitolea, yule ambaye darasa lake litafaulu kuliko yote, ataandikiwa jina kwenda chuo cha ualimu. Mmoja tu. "Tutaangalia asilimia," alisema, na tangu siku hiyo hakuna mkubwa aliyeuliza kitu kingine.

Kama wangeuliza, wangeambiwa habari ya mizani. Msimu uliopita, siku ya kuuza pamba, Mashavu, mama yake Tatu, alisimama mbele ya karani wa ununuzi, akapokea stakabadhi yake, akaisoma, akairudisha. "Mizani imesema arobaini na mbili," alisema. "Wewe umeandika thelathini na mbili." Karani alicheka kwanza. Kisha akaona nyuma ya Mashavu wamesimama wanawake wengine zaidi ya ishirini, kila mmoja anaifuatisha stakabadhi yake kwa kidole, midomo inacheza, akaacha kucheka. Tangu hapo Kwemvule haikupunjwa tena hata kilo moja. Lakini mtihani haukuwa na mahali pa kuandika mambo ya mizani.

Wiki moja kabla ya mtihani alifika Sadala na baiskeli yake. Sadala alifundisha kisomo kijiji cha jirani, Kwesasu, naye pia alikitaka chuo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka.

"Kadi za kusomea ziko kumi tu," alimwambia Tatu. "Kijijini kwa shemeji yangu wameshapimwa, nimezinakili zote. Darasa langu wanaziimba sasa hivi, wanajua mpaka nukta. Nakili na wewe. Mimi nipe zile hesabu zako za kugawanya, maana zinanishinda kuzifundisha."

"Hesabu chukua," alisema Tatu. "Kadi sizitaki. Waziimbe za nini? Wangu wanasoma."

"Mwenzangu, hakuna atakayekuuliza kama wanasoma. Watakuuliza ngapi."

"Wanasoma," Tatu alirudia.

"Haya," alisema Sadala, akanakili hesabu zake, akapanda baiskeli.


Asubuhi ya mtihani Mashavu alivaa kanga yake mpya akaivua mara mbili.

"Usiogope, mama," alisema Tatu. "Ni sentensi tatu tu."

"Nani anaogopa? Nimezaa sita, nitaogopa karatasi?"

Mbwana, mumewe, alikuwa anakunywa uji mlangoni. Yeye kisomo alikihudhuria siku mbili akasema benchi linamuumiza mgongo. "Mkifeli msije kunililia," alisema. "Na mkifaulu vilevile, nikirudi nikute ugali."

"Mwache mkwe wangu," ilisema sauti kutoka kwenye kitanda cha kamba barazani. Ilikuwa ya mzee Rehani, baba yake Mbwana. Kabla watu hawajahamishiwa kijijini, eneo lile lote lilikuwa kitongoji chake, na mpaka leo zaidi ya nusu ya Kwemvule ni wanawe, wana wa ndugu zake, na wake zao. Akamgeukia Tatu kwa ule utani wa babu na mjukuu. "Na wewe mke wangu, ukienda huko chuo utaniacha na nani?"

"Nitakuacha na kikohozi chako, Rehani," alijibu Tatu, na mzee akacheka mpaka kikohozi kikaja kweli.

Mashavu aliinama akakusanya vikombe. Tatu alikuwa akilitaja jina la babu yake tangu ajue kusema, kwa kuwa mjukuu hana mwiko, na katika miaka yake ishirini hakuwahi kutambua kwamba mama yake hajalitamka hata siku moja. Mwanamke wa kule hataji jina la baba mkwe. Hata mrehani uliootea nyuma ya nyumba, Mashavu aliuita majani ya kunukia. Hakuna aliyekaa akamweleza Tatu jambo hilo, na kitabu cha kisomo, kwa bahati, hakikuwa na mtu wa jina hilo. Kwa hiyo mwalimu aliwaandaa wanafunzi wake kwa kila kitu isipokuwa hicho.


Mtahini alikuwa Yordani Matayo, bwana mwembamba wa Masuguru, Korogwe. Mwaka ule watahini wa Korogwe walipelekwa Handeni na wa Handeni wakapelekwa Korogwe, ili mtu asije akapendelea kwao. Hiyo ndiyo busara ya ofisini. Yordani alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge, baba yake akiwa mkata mkonge aliyetoka mbali. Kambini jina la mtu ni la kuitwa na mnyapara kila alfajiri, awe baba mkwe wako au asiwe. Alikuwa amepima vijiji tisa kwa siku nane, miguu imemvimba, na hamu yake kubwa ilikuwa kurudi kwake akalale.

Walimpa chumba cha ofisi ya TANU. Mwalimu haruhusiwi kuingia, kwa hiyo Tatu alikaa nje juu ya jiwe akiwatazama wanafunzi wake wakiitwa mmoja mmoja. Anayeisoma kadi anaendelea kwenye kuandika na hesabu. Anayeshindwa kadi anaandikwa hatua ya kwanza, yaani hajui kitu, na anarudi nyumbani. Wanaume walikuwa wanne tu darasa zima. Walitangulia, wakasoma vizuri, wakatoka wakijidai. Halafu akaitwa Mashavu, kiranja wa darasa.

Yordani akamsukumia kadi namba saba. Iliandikwa hivi: Rehani ana shamba la pamba. Mwaka huu Rehani amevuna magunia saba. Mke wa Rehani amefurahi.

Mashavu aliliona jina papo hapo, mahali pote patatu, jinsi anavyoliona mtu anayejua kusoma. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa Kwemvule mwenye akili zake angelifanya. Alikohoa kidogo, akasoma kwa sauti safi, "Mzee wetu ana shamba la pamba. Mwaka huu mzee wetu amevuna magunia saba. Mke wa mzee wetu amefurahi."

"Soma kilichoandikwa, mama," alisema Yordani.

"Nimesoma, baba."

"Neno hili la kwanza ni nini?"

Mashavu alitazama dirishani. "Hilo ni la mzee."

"Mzee iko wapi hapa? Nionyeshe herufi ya m."

"Haipo."

"Sasa umesomaje?"

"Si ndiyo nakwambia, baba. Hilo ni la mzee." Kwa mtu wa kule maelezo hayo yangetosha na kubaki. Yordani aliandika: Anakisia.

Akaingia Mwanaidi, mke wa mdogo wake Mbwana, akasoma kwa kujiamini, "Babu yake Tatu ana shamba la pamba." Wa tatu akasoma, "Fulani ana shamba la pamba." Wa nne aliiona kadi, akajifunika kanga usoni, akaanzia kwenye "ana shamba". Kufika wa sita Yordani alipiga meza. Alishaelewa, au alidhani ameelewa: hawa wamekaririshwa, na hata kukariri kwenyewe wamekariri ovyo, kila mtu na lake. Akakumbuka Kwesasu, kwa Sadala, alikopima jana yake. Watu ishirini na wanane walisoma kadi yao bila kugugumia. Bibi mmoja, Mwaija, aliishika kadi juu chini na bado akaisoma yote. Yordani aliliona hilo na likamkera, lakini maneno yalikuwa sawa, na fomu haikuuliza kadi imeshikwaje. Alimpa hatua ya nne, hatua ya wanaojua kusoma na kuandika.

Saa tisa alasiri kazi ikaisha. Waliosoma walikuwa wale wanaume wanne na wanawake saba ambao waume zao si wa ukoo wa mzee Rehani. Waliobaki, kumi na tisa, wote hatua ya kwanza.


Tatu alipoonyeshwa karatasi alidhani ameisoma vibaya.

"Mama yangu hatua ya kwanza? Mama yangu anasomea watu barua!"

"Amekisia, ndugu mwalimu. Wote wamekisia. Kadi hiyo hapo, itazame."

Tatu akaisoma asione kosa. Akaisoma tena, safari hii kwa sauti. "Mungu wangu," alisema. "Hili ni jina la babu. Hawa wote ni wake za wanawe na za wana wa ndugu zake. Hawalitaji."

Yordani alivua miwani. "Hawalitaji hata kwa kulisoma?"

"Ukilisoma kwa sauti si umelitaja?"

"Hii ni kadi ya serikali. Rehani wa hapa ni mtu wa mfano tu, hayupo."

"Kawaeleze wao." Tatu alijaribu kuishusha sauti ikakataa. "Ndugu Yordani, nakuuliza swali moja. Kama hawajui kusoma, walijuaje kwamba hapo pana jina la mzee?"

Yordani aliivuta kadi akaitazama upya. Hakuwa mpumbavu, na hilo ndilo lililofanya mambo yaudhi zaidi. "Hilo ni kweli," alisema mwishoni.

"Basi liandike."

"Niliandike wapi?" Akamgeuzia fomu. Mbele ya kila jina kulikuwa na vyumba viwili: Amesoma. Hakusoma. "Nionyeshe wewe hapa mahali pa baba mkwe."

"Wape kadi nyingine."

"Kadi ni moja kwa kijiji na namba imeshaingia kwa wino. Nikibadili, nimependelea. Nina watoto watano, ndugu mwalimu." Alizikunja karatasi, akazikunjua tena. "Nalala hapa kwa mwenyekiti. Kesho naondoka saa tatu. Mtu anaruhusiwa kujaribu mara mbili. Atakayekuja kabla ya hapo akasoma kilichoandikwa, namtoa orodha hii namtia ile. Zaidi ya hapo sina uwezo."

"Kwesasu wamefaulu wangapi?"

"Wote," alisema Yordani, na hakumtazama usoni.


Jioni ile ugali ulipoa kwenye sinia. Walikula, au walijifanya wanakula, uani: Mbwana na baba yake upande mmoja, Mashavu na Tatu upande wa pili karibu na jiko.

"Mara tatu tu, mama," alisema Tatu. "Unalisema mara tatu, yamekwisha. Wewe ukilisema na wenzako watalisema."

"Mara tatu! Mnamsikia? Anahesabu kama mayai."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisome niwe mtu."

"Nilisema. Na nikaja darasani kwako miaka miwili, nikakuita mwalimu, wewe niliyekufuta kamasi. Nilichelewa? Nilikosa? Sasa niambie wewe, nimejua kusoma au sijajua?"

"Umejua."

"Kwa hiyo wanataka nini tena kwangu?"

Swali hilo lilimtia Tatu hasira. "Wanataka asilimia! Na mimi naitaka! Nikae hapa mpaka lini na mlango wangu wa masizi, Sadala aende chuo kwa nyimbo?"

"Si ulitaje tu mtoto apate nafasi yake?" alisema Mbwana. "Jina ni kitu gani?"

"Litaje wewe la mama yangu," alisema Mashavu.

Mbwana alifungua mdomo, akaufunga, akarudi kwenye mboga.

Mzee Rehani alikuwa amesikiliza yote huku anapapasa sinia kutafuta tonge, maana macho yake yalikuwa yamefifia. "Mkwe wangu," alisema, "mimi nimekupa ruhusa. Nitaje. Kwani nitapungua?"

"Ruhusa ni yako, baba," alijibu Mashavu akitazama chini. "Aibu ni yangu."

"Basi kesho siitwi hivyo. Kesho niiteni Athumani mpaka huyo bwana aondoke."

"Kadi haikuandikwa Athumani, babu," alisema Tatu kwa uchovu.

Mzee alitafuna, akafikiri. "Serikali ina majina mangapi," aliuliza, "mpaka ikakosa yote ikaja kuchukua langu?" Asubuhi walipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amechukua mkongojo akaenda shamba la mbali, kwa macho yake yale, ili watakaomtaja wasimtaje naye yuko karibu.


Saa mbili wanawake wote kumi na tisa walikuwa mbele ya ofisi. Hakuna aliyewaburuta. Walikuja kwa ajili ya Tatu, wakasimama mbali kidogo na mlango, hawasemezani. Mashavu akaingia wa kwanza. Tatu alisimama mlangoni, na safari hii Yordani hakumfukuza.

Mashavu aliishika kadi kwa mikono miwili. Kule nje wake wa ukoo waliziba masikio yao kwa viganja, mmoja baada ya mwingine, kumsitiri mwenzao. Yordani aliwaona dirishani. Naye akainamisha kichwa juu ya fomu, asijue pa kutazama.

"Re," alisema Mashavu.

Mwanamke huyu alimrudishia karani stakabadhi mbele ya watu wote penye mizani asipepese jicho, na sasa machozi yalimdondoka juu ya kadi ya serikali. Akavuta pumzi. "Re," alisema tena, akakwama, akamtazama binti yake kwa macho ya kuomba radhi.

Tatu hakufikiri. Angefikiri, pengine angemwacha amalize. Zilibaki silabi mbili tu, na chuo kilikuwa nyuma ya silabi hizo. Aliingia ndani, akaichukua kadi mikononi mwa mama yake, akaiweka mezani.

"Basi, mama. Imetosha. Twende nyumbani."

"Ndugu mwalimu, bado ana nafasi," alisema Yordani. "Mwache apumue kwanza, nitangoja."

"Mwandike hajui. Waandike wote hawajui. Wewe unajua, na mimi najua."

Alimshika mama yake mkono wakatoka, na wanawake walipowaona wakatoa viganja masikioni. Yordani alikaa na kalamu yake kitambo. Kisha akaandika, kwa sababu alikuwa ametumwa kuandika.


Matokeo yalitoka Oktoba. Katibu Kata aliyasoma mkutanoni, akianza na walioongoza. Kwesasu, mia kwa mia. Alipofika Kwemvule, asilimia thelathini na sita, alitikisa kichwa akasema kuna walimu wa kujitolea ambao wanajitolea kulala, na watu hao wanairudisha nchi nyuma. Tatu alikuwa ameketi chini katikati ya watu. Wote waligeuka kumtazama, mpaka wageni wasiomjua, na ikabidi akae hivyohivyo mpaka mkutano ulipofungwa. Sadala alipigiwa makofi. Alipopita karibu yake alimwambia kwa sauti ya chini, "Nilikwambia unakili," naye alisema kwa huruma ya kweli. Baada ya wiki mbili alikwenda chuo.

Mwezi uleule Mwaija wa Kwesasu alitembea maili nne mpaka kwa Mashavu. Alikuwa amefunga kwenye pindo la kanga barua ya mwanawe aliyekuwa Jeshi la Kujenga Taifa. Katika pindo hilohilo alifunga na cheti chake cha hatua ya nne, kwa kuwa hakutaka kukiacha nyumbani na mchwa.

"Nisomee, ndugu yangu," alisema. "Sadala ameondoka, na mimi najua ile ya kadi tu."

Mashavu akamsomea mara mbili. Mtoto ni mzima, anaomba viatu. Mwaija alishukuru, akafunga tena barua na cheti, akaondoka. Tatu, aliyekuwa anapepeta mahindi uani, alianza kucheka akashindwa kuacha. Ilibidi aende nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yalikuwa yamevimba.

Wazo la kuandika barua lilikuwa la Mashavu. Waliiandika wote kumi na tisa, kila mmoja mstari wake kwa mkono wake, kalamu moja ikizunguka, na Tatu alikatazwa hata kusogea karibu. Iliwachukua jioni mbili. Waliandika kwamba wanajua kusoma. Waliandika kwamba kadi ilikuwa na jina la mkwe wao na wao wanamheshimu mkwe wao, na kwamba wapewe kadi nyingine yoyote wataisoma. Mmoja aliandika kwamba sasa hawapunjwi pamba. Mstari wa mwisho, wa Mashavu, ulisema: Mwalimu wetu ametufundisha vizuri, tunaomba naye apelekwe chuo. Wakachanga hela ya stempu, wakaituma ofisi ya elimu ya wilaya.

Jibu lilifika mwisho wa Novemba. Mwenyekiti wa kijiji alilileta mwenyewe ghalani, Jumatano jioni, darasa likiwa limejaa, maana ilishatoka amri kwamba wote wa hatua ya kwanza warudie kitabu tangu ukurasa wa a, e, i, o, u. Bahasha ilikuwa imefunguliwa tayari. Tatu aliisoma kimya, akaketi kwenye benchi la mbele.

"Wanasemaje, mwalimu?" aliuliza Mashavu.

Tatu akamnyooshea karatasi. Mashavu akasimama, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Tumepokea barua inayodaiwa kuandikwa na wanakisomo kumi na tisa wa kijiji chako. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba wote kumi na tisa wako hatua ya kwanza na hawajui kusoma wala kuandika. Ni dhahiri kwamba barua hiyo imeandikwa na mtu mwingine kwa manufaa yake binafsi." Aliona mstari unaofuata, na akaelewa kwamba ni mkono wake yeye uliouleta. Angeweza kuikunja karatasi akasema yamekwisha. Aliendelea, sauti ikitoka kwa shida. "Kwa hiyo mwalimu wa kisomo wa kijiji chako amesimamishwa kufundisha tangu leo, mpaka atakapojieleza kwa maandishi. Aidha, wanakisomo wote kumi na tisa wasomewe barua hii, ili waelewe."

"Haya, tumesomewa," alisema Mwanaidi kutoka nyuma, na mtu akacheka cheko fupi la hasira. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Tatu alikuwa ameficha uso viganjani, mabega yanamtikisika, na wenzake wote walijua kwamba hapo si chuo tu kilichokwenda. Mashavu alibaki amesimama na barua mkononi.

"Mwalimu," alisema.

"Si mwalimu tena, mama. Umesoma mwenyewe."

"Mwalimu," Mashavu alirudia, kwa sauti ileile ya mwanafunzi aliyenyoosha mkono. "Kuna neno hapa sijalielewa. Aidha. Maana yake nini?"

Mwenyekiti alitaka kusema jambo, akaziona nyuso za wanawake kumi na tisa, akaliacha. Tatu alifuta macho kwa kiganja. Akasimama, akatafuta kipande cha chaki kilichoangukia chini ya benchi, akaliandika lile neno ubaoni kwa herufi kubwa.

"Someni wote," alisema.

Wakasoma.